Skrini Isiyoumiza Macho

Kilichomshangaza kwanza Mama Nukta ni kwamba macho hayakumuuma.

Tangu asubuhi alikuwa katika duka la kompyuta akijaribu skrini moja baada ya nyingine. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu kabla havijachapwa, ndiyo maana wakampa jina hilo, na macho yake na mwanga yalikuwa paka na panya. Skrini ya kwanza ilimmulika kama taa za lori. Ya pili ilimetameta kama kioo. Badala ya maneno akauona uso wake mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ikichezacheza kwa namna ambayo mtu mwingine asingeiona, na kabla hajamaliza ukurasa machozi yakamtiririka.

"Pole, mama," alisema muuzaji. "Hayo ni macho au vidonda?"

"Ningekuwa na mengine, haya ningekuachia wewe."

Ndipo akaiona nyingine iliyoegeshwa ukutani, haina hata jina la kiwanda. Weusi wa herufi zake ulikuwa mzito, weupe wake kama maziwa. Akaisoma robo saa nzima bila kupepesa.

Muuzaji akasita. "Hiyo imerudishwa mara mbili. Wenyewe hawakusema kwa nini."

"Mimi sirudishi."

Siku za mwanzo zilikuwa raha mustarehe. Kitabu cha mwezi alikimaliza kwa juma moja. Kilichomkera ni harufu ya udongo uliolowa, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha. Kisha akaanza kuvuta pazia asubuhi, halafu akaacha kulifungua kabisa. Hata taa ya jikoni ikamchukiza.

Mchana mmoja alikuwa akisahihisha kitabu cha ufugaji wa nyuki, akisoma kwa sauti ya chini kama kawaida yake. *Nyuki hawapendi kelele. Mzinga uwekwe kivulini.* Sentensi iliyofuata ikasema: *Mumeo amerudi mapema. Amesimama mlangoni, ana bisibisi mkononi.*

Alitaka kunyamaza, lakini mdomo ulikuwa ukisoma wenyewe, na alipotaka kufumba macho kope hazikushuka, na ile harufu ya udongo ikampanda puani mpaka kooni kama mtu aliyefukiwa angali hai, na maneno yakazidi kuja, meusi, matulivu, *anaogopa, anautazama waya*, na nyuma yake akamsikia mumewe, fundi umeme asiyeogopa hata nguzo ya barabarani, akinong'ona:

"Mke wangu. Huu waya haujachomekwa."

Kabla ya alasiri mumewe alikuwa amemleta shangazi yake, mtabibu wa mapepo, mwanamke mfupi asiye na mzaha. Aliketi sakafuni.

"Wewe uliyemo, umefuata nini hapa?"

"Macho," ilijibu sauti kavu kutoka kinywani mwa Mama Nukta. "Haya hayapendi jua. Mimi pia silipendi."

"Mwenyewe hakukukaribisha."

"Amezikataa tatu, akanichagua mimi."

Shangazi akamshika kidevu. "Mwanangu, sasa nataka jibu lako, si lake. Akitoka, maumivu yatarudi yote. Unamtaka?"

Mama Nukta alikawia kujibu, na hilo ndilo lililomtisha mumewe kuliko yote. Alikuwa akiikumbuka miaka ya kulala na kitambaa chenye maji usoni. Kisha akamwona mumewe akilia, na yeye hawezi kumlilia hata tone.

"Nirudishieni maumivu yangu," alisema.

Shangazi akalichana pazia. Jua likaingia kama pilipili. Mama Nukta alipiga kelele kwa sauti mbili, moja yake, moja si yake, kisha akapepesa, akapepesa tena, machozi yakamwagika. Skrini ikazimika.

"Iwekeni juu ya paa siku saba," alisema shangazi. "Jua liimalize. Mtu asiiguse."

Siku ya nne mumewe alipanda kuitazama akakuta patupu.

Mama Nukta akashuka ngazi mlango kwa mlango, kiganja juu ya macho, akiuliza. Ghorofa ya chini kabisa aliishi mpiga chapa, mjane aliyewaandikia watu barua na maombi ya kazi. Dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Ndani vidole viligonga herufi mbio, bila kituo.

"Jirani, ni mimi. Umeokota kitu huko juu?"

"Mama Nukta!" Vidole havikusimama. "Nilidhani mmeitupa. Kumbe! Macho yangu siku hizi hayaumi hata chembe."

"Toka nje, dada yangu. Toka sasa hivi."

"Nitoke niende wapi, na jua lote hilo?"

Mama Nukta akapaza sauti kumwita mumewe, akaweka bega mlangoni akasukuma, maana raha ile aliijua, na alijua kwamba mtu hatoki humo peke yake.