Bibi Harusi Nisiyemwandika

Alhamisi ile nilitoka nyumbani jua likielekea kuzama, sanduku la mataji mkononi, kwa sababu daftari lilisema nitoke.

Jina langu Zhor. Nimepamba maharusi hapa Fes miaka ishirini na mitatu, na bila daftari langu la ratiba mimi si kitu. Wino wa kijani ni siku ya hina. Buluu, kupima kaftani. Nyekundu, harusi yenyewe. Mdogo wangu Ibtissam, ninayefanya naye kazi, hunicheka.

"Dada, dunia yote imehamia kwenye simu, wewe bado unabeba daftari kama karani wa kadhi!"

"Simu yako ikiisha chaji, bibi harusi wako utamvika nini? Waya?"

Lakini anajua kwa nini silitupi. Mwaka juzi nilikuwa nategemea kichwa tu, na kichwa kikanitupa. Nikamsahau bibi harusi mmoja, Loubna. Alikaa ametoka kuoga, nywele mbichi, akinisubiri, hadi wageni wakaanza kunong'ona na mama wa bwana harusi akaondoka na watu wake wote. Sikwenda kuomba radhi. Niliona haya. Nikanunua daftari.

Sasa asubuhi ya Alhamisi hiyo, ukurasa ulikuwa na mstari mmoja. Wino mwekundu. Mwandiko wangu.

*Magharibi. Bibi harusi. Kichochoro cha Wachonga Vitana, mlango wa mwisho. Njoo peke yako.*

Sikukumbuka kuuandika.

"Kwenye simu yangu mstari huu haumo," alisema Ibtissam, amekunja uso. "Na harusi gani hiyo isiyotaka msaidizi? Usiende, dada."

"Nimsahau wa pili?"

Nililiacha daftari mezani, nikaenda.

Saa ile vichochoro vyetu hunukia mkate wa moto. Kile kilinuka udongo uliolowa, na mvua tulikuwa hatujaiona tangu Machi. Adhana ilisikika mbali... mbali mno, kama inatoka chini ya kisima.

Mlango ulifunguka kabla sijagonga.

Bibi mzee, aliyevaa meupe pepepe, mavazi ya ujane kwetu, alisimama kizingitini. "Umechelewa, Lalla Zhor," akanong'ona. Lalla ni heshima yetu, kama Bi.

"Mama, adhana ndiyo kwanza inaisha."

"Umechelewa sana."

Uani wanawake walikuwa wameketi kandokando ya ukuta. Hakuna kigelegele. Hakuna ngoma. Hakuna hata aliyegeuka kunitazama. Bibi harusi alikuwa kitini katikati, uso umefunikwa shela.

Nilifanya kazi yangu. Mtu akiogopa, mikono hukimbilia inachokijua. Nilimfunga mshipi, nikampaka hina kiganjani. Hina ikateleza na kudondoka, kama umepaka kioo. Mkono ulikuwa baridi.

"Jina lako nani, mwanangu?"

Akainamisha kichwa.

Nikamvika taji. Vidole vyangu vikagusa nywele zake.

Mbichi. Zinachuruzika maji.

Mkono ule baridi ukanidaka kifundo cha mkono.

"Hukuniandika," akanong'ona.

Niliinua shela. Sijui kwa nini niliinua. Alikuwa Loubna, uso uleule, kidoti kilekile chini ya jicho. Ila macho hayakupepesa.

"Niandike sasa."

Akanisogezea daftari. Langu. Lile nililoliacha mezani.

Kalamu ilikuwa imeshafika mkononi mwangu. Naapa sikuishika. Ikaanza kuandika, Loubna, Loubna, na mimi nikiitazama kama ya mtu mwingine. Nilitafuta bismillahi, ulimi ukakataa. Nikaitafuta tena. Ikatoka kama kikohozi.

Wanawake wote wakageuka. Kwa pamoja.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki, sanduku likabaki.

Nyumbani Ibtissam alikuwa amejibana pembeni ya mlango, mbali na meza. "Dada," akasema, "nilikuwa peke yangu humu. Nani alikuwa anaandika?"

Daftari lilikuwa wazi. Jina la Loubna, kila Alhamisi, hadi mwisho wa mwaka. Wino haujakauka.

Asubuhi tulirudi wawili, tukisoma dua. Mlango wa mwisho haukuwa mlango. Kulikuwa na kifusi cha nyumba iliyoporomoka zamani, na jirani akatuambia hapajakaa mtu miaka kumi na moja. Sanduku langu lilikuwa juu ya mawe. Lilikuwa limelowa chapachapa.

Nikajua Loubna amekufa. Nikaomba namba ya nyumbani kwao ili niwape pole na kuomba radhi niliyochelewa nayo. Mama yake alipopokea, akanipa namba nyingine bila kueleza. Nikapiga.

Akapokea Loubna mwenyewe.

Yuko Meknes, ameolewa na mwingine, ana mtoto. Nililia kwenye simu kama mtoto. Aliniacha nilie.

"Nimekusamehe, Lalla Zhor," akasema mwishowe. "Lakini ngoja nikwambie nisichomwambia hata mume wangu. Alhamisi ile ya harusi nilikungoja mbele ya kioo mpaka hasira ikanipanda. Nikaiambia sura yangu, basi olewa wewe."

"Loubna..."

"Tangu hapo, kila Alhamisi magharibi, nikijitazama kiooni simo. Kiti nakiona, ukuta nauona, mimi simo. Sura yangu inakwenda nisikokujua, halafu kabla ya isha inarudi."

Nyuma yake mtoto alianza kulia, kilio kile cha mtoto aliyeona mtu asiyemjua.

"Jana haikurudi kiooni," akanong'ona.