Kilomita ni Zilezile

Ndegemshale iliondoka Vancouver ikapanda wima hadi pale ambapo mbingu huwa nyeusi mchana kweupe. Huko juu hewa ni haba mno, haiwezi kukizuia chombo, hivyo injini zilizimwa kikateleza chenyewe. Kutoka kiwanja hicho hadi kiwanja cha Tanga ni zaidi ya kilomita elfu kumi na nne. Zamani safari hiyo ilikula siku nzima na zaidi, pamoja na kusinzia kwenye viti vya viwanja vya watu. Sasa ilichukua dakika hamsini.

Aliyeifupisha alikuwa ndani, kiti cha dirishani, amejifunika mtandio. Mhandisi Mwanaheri Shekiondo ndiye aliyebuni ngao-joto, gamba lililokiwezesha chombo hicho kushuka kwa kasi bila kuungua. Alipoulizwa kwa nini anajitesa kwa kazi hiyo, alikuwa na jibu moja: "Ili mtu aliye mbali awahi kuzika." Simu ya kifo cha baba yake, aliyefariki alfajiri, ilimkuta nyumbani kwake Vancouver. Kabla ya adhuhuri ya Tanga alikuwa amefika, akamwona baba usoni kabla hajafunikwa. Aliwahi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, wanawake walikuwa wamekwisha kutandika mikeka sebuleni. Kwao, wafiwa hulala chini pamoja mpaka siku ya tatu, matanga yanapoanuliwa. Mama yake, Bi Mwanamkasi, aliegemea ukuta, uji wake umepoa. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Mwanaheri akaketi, akaushika mkono wake.

Hapo kifaa cha sikioni kikaongea. Alikuwa Mratibu, akili mnemba iliyopanga ruhusa za wafanyakazi wa shirika lake.

"Pole kwa msiba, Mhandisi. Kiti chako cha kurudi ni saa kumi jioni."

"Nimefiwa na baba. Ruhusa ya msiba wa mbali ni wiki."

"Ilikuwa wiki safari ilipokuwa ndefu. Ruhusa hupangwa kwa muda wa safari. Kwa dakika hamsini, Tanga si mbali."

Akamkumbuka Kaoneka, fundi wake, aliyemzika mama yake akarudi kazini siku ileile, udongo bado uko viatuni. Na yeye Mwanaheri alimsifu mbele ya wenzake kwa kuipenda kazi! Sasa aliona haya.

"Wamekuita?" mama aliuliza.

"Wameniita, mama."

"Basi nenda. Ulisema chombo kitakuleta uzike, na kimekuleta." Akauchomoa mkono wake taratibu mkononi mwa Mwanaheri, bila kumtazama.

Hasira zikampanda Mwanaheri.

"Mratibu, mimi nimepunguza muda. Kilomita ni zilezile. Sirudi mpaka matanga yaanuliwe."

"Utahesabiwa mtoro. Unaweza kuondolewa kwenye mradi."

"Nihesabu. Na nikirudi, ninaingia kwa mkurugenzi mimi na Kaoneka. Ruhusa hii tutaidai iwe ya wote."

Alikivua kifaa, akakitupia kwenye mkoba, akaenda kuupasha uji moto.

Jioni ngurumo ya ndegemshale ilipita juu ya mabati. Mama akainua macho. Mwanaheri akamlisha kijiko, na kingine, polepole, mpaka bakuli likafika nusu.

"Kimeshafika huko?" mama akauliza.

"Kitakuwa kimeshafika."

Bi Mwanamkasi akampapasa bega, kisha shavu. "Na wewe uko hapa," akasema, ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.