Fundi Aliyekalia Mikono Yake

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, katika kiangazi kikali. Duka la kunakilisha karatasi lililokuwa chini ya jengo refu la ofisi lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni, na soketi ya umeme iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu. Mfasiri alikuwa ameiwahi. Alivaa gauni la buluu lenye ukosi mweupe, akaketi wima kama anayepigwa picha, na waya wa kompyuta yake ukakatiza njia ya wapitao mithili ya kamba ya kuanikia nguo.

Mwanamume aliyebeba boksi kifuani hakuuona. Aliupiga teke, waya ukachomoka, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi papo hapo.

"Kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada, ila boksi limeyaziba. Samahani sana." Akachutama, akaurudisha waya. Shati lake la kijivu lilikuwa limepigwa pasi barabara, na mfukoni, mahali pa kalamu, palikaa bisibisi ndogo tatu. Akaitazama kompyuta ilivyoyumba juu ya meza. "Bibie, mgonjwa wako amevimba tumbo. Betri hiyo imechoka. Inakaa na chaji dakika ngapi?"

"Kumi na moja. Zikizidi, ni kwa huruma ya Mungu."

"Niletee karakanani. Saa moja tu itakuwa tayari."

"Thubutu! Fundi wa mwisho niliyemwamini alinirudishia simu ikiwa na kioo chenye ufa wa mtu mwingine."

Fundi alicheka hadi watu wa foleni wakageuka. Mfasiri, ambaye hakuwa na nia ya kucheka, alicheka pia. Kabla foleni haijasogea hatua tatu, walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu.

Wiki tatu zilizofuata simu hizo hazikupoa.

"Umeamkaje, laazizi?"

"Salama. Niko ukutani."

"Bado umefungwa kwenye soketi? Niletee nikufungue, mpenzi."

"Betri nitaibadilisha mwenyewe. Nimefasiri vitabu vya maelekezo ya mashine kubwa kuliko hiyo."

"Kuifasiri bisibisi na kuishika ni mambo mawili, kipenzi. Tena betri iliyovimba haichokonolewi. Ikitoboka, inawaka."

"Unanitisha ili upate kazi?"

"Nakutisha ili Jumapili nikukute na nyusi zako zote mbili."

Utani ulikuwa mtamu, lakini jambo lenyewe halikuwa la utani. Ijumaa ya wiki ya nne Mfasiri angesimama mbele ya jopo la wachapishaji kuitetea tafsiri yake ya kitabu cha wakunga, kazi ya miaka miwili, yenye kurasa mia tisa. Jopo lingeweza kuuliza ukurasa wowote, na mimbari ya ukumbi ule haikuwa na umeme karibu. Kompyuta ikizima, kazi ingekwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi alinunua betri mpya, akaitandikia kompyuta kitambaa safi juu ya meza ya jikoni, akaifungua. Skrubu zote kumi na moja akazitia katika kikombe cha chai. Akaibandua betri ya zamani polepole kwa kadi ya plastiki, akaweka mpya, akafunga. Kompyuta ikawaka na kuahidi saa nne za chaji. Akapiga makofi peke yake. Kisha akabonyeza kile kibao cha kuongozea kishale kwa kidole. Kibao kikakataa kubonyea. Akabonyeza kwa nguvu. Kikawa kama jiwe.

Alasiri Fundi alipopita kumsalimu, alisimuliwa yote, akakiona kikombe.

"Skrubu zote uliziweka humu?" Akacheka kile kicheko chake cha dukani. "Msomi mzima! Ungeongeza na chumvi kabisa."

Safari hii kicheko kilimchoma. Mfasiri alikuwa amechekwa na wanaume wa maofisini tangu aanze kazi, akawazoea. Hakutarajia kuchekwa na huyu.

"Toka."

"Laazizi, ni utani."

"Utani ni wa watu wawili. Huu umeufanya peke yako."

Fundi akaondoka, akiamini kwamba mwanamke huyu hatamwamini fundi yeyote maishani, hata yeye. Mfasiri akabaki akiamini kwamba mwanamume yule hufurahi akimwona ameshindwa.

Alhamisi asubuhi mama yake, mshonaji aliyeishi naye, aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Mwanangu, unailia kompyuta au unamlilia fundi?"

"Kompyuta, mama."

"Basi kompyuta hiyo ina bahati."

Simu ikalia.

"Usikate," alisema Fundi. "Nimekosa. Nije?"

"Uje uishike, kisha uniambie ulinionya?"

"Sitaigusa. Nitakalia mikono yangu."

Naye akafanya hivyo hasa. "Shikamoo, mama," alisema mlangoni. "Marahaba, baba, ingia," akajibiwa. Akaketi juu ya kigoda cha mshonaji, viganja vyote viwili chini ya mapaja, akaanza kuelekeza.

"Tafuta kipande cha boksi, uchore umbo la kompyuta. Kila skrubu unayoitoa, ichomeke palepale ilipotoka. Ndivyo nifanyavyo karakanani. Skrubu hizo hazilingani, kipenzi. Ndefu ikiingia katika tundu la fupi, inakisukuma kibao kutoka chini, ndiyo maana hakibonyei."

"Kama vifungo," mama akadakia, huku akimpa binti yake kifuniko cha boksi la mashati. "Cha koti hukitii katika tundu la shati. Mngeniuliza mimi mapema."

Mfasiri akafungua. Kabla ya yote akachomoa waya wa betri, kama alivyoambiwa. Upande wa mbele akakuta skrubu tatu ndefu mahali pa fupi.

"Sasa hiyo upande wa kushoto, si hapo, hapo—"

"Mikono!"

"Ipo, ipo! Imekwisha kufa ganzi."

Skrubu ya kumi na moja ikakaa. Mfasiri akawasha, akashusha pumzi, akabonyeza. *Tik.* Mama akapiga kigelegele hadi sindano ikamdondoka.

"Na ile ya zamani iko wapi?" Fundi akauliza.

"Katika droo ya vijiko."

Uso wa Fundi ukapauka. Mfasiri akamtazama, kisha akasogea kando.

"Hiyo ichukue. Hapo nakubali, ni kazi ya fundi."

Akaichukua taratibu, akailaza ndani ya mkebe wenye mchanga mkavu alioutoa katika mkoba wake. Mlangoni akasita.

"Nilidhani huwaamini mafundi kabisa."

"Nilidhani wafurahi nikishindwa."

"Nilijicheka mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilizitia skrubu za mteja katika kofia, kisha nikaivaa."

Mfasiri akaegemea mlango kwa kicheko. "Ungeanza na hiyo kofia, tusingegombana!"

"Basi nianze na jingine. Utakubali nikuoe?"

"Unaposa huku umeshika mkebe wa moto?"

"Nikiuweka chini, ujasiri nao utashuka."

"Akili yangu yote iko kwa jopo, mpenzi. Nikopeshe jibu hilo. Nitalilipa kesho."

Ijumaa, akiwa na gauni la zambarau na bila waya wowote, Mfasiri alisimama mimbarini. Wakauliza ukurasa wa mia sita na kumi na mbili, akaufungua. Wakauliza wa themanini na saba; akaufungua, akaeleza kwa nini neno lile lilimfaa mkunga kuliko daktari. Saa mbili na nusu zikapita. Hatimaye mwenyekiti akafunga jalada lake.

"Mama, kitabu hiki ni chako. Kinakwenda mtamboni."

Nje, ngazini, wafanyakazi wa maofisi walikuwa wakimiminika kwenda kula. Fundi alisimama katikati yao, shati limelowa jasho la kusubiri.

"Wamesemaje?"

"Wamekubali. Lakini subiri, nina deni." Akaweka kompyuta chini, akaishika mikono ya Fundi yote miwili mbele ya mlinzi na wapita njia. "Ndiyo. Nioe."