Ombi la Tano la Kaunti ya Tolliver

Kila jioni, Brynn Kubicek akishalisha kuku, hukaa mezani kwa bibi yake, akila kolachi zilizobaki, yale maandazi ya matunda, na kufanya hesabu za shule. Kiti cha babu kilikuwa kitupu tangu majira ya mavuno. Jioni moja aliziacha hesabu, akavaa koti la kanisani na kwenda na bibi kwenye jengo la kaunti.

Kila mwaka kabla ya theluji, makamishna wa kaunti huchagua mambo matano ya kuwaomba wabunge wa jimbo kule Lincoln, mji mkuu. Matano tu. "Mbunge ukimpa sita, hasomi hata moja," husema mwenyekiti, Bwana Arlen Dostal. Mwaka huo ombi la tano lilihusu gari la wagonjwa: jimbo lilitambue kuwa huduma ya lazima, kama polisi, na wahudumu walipwe. Wahudumu wenyewe walikuwa wakulima wa kujitolea, nao walikuwa wanazidi kupungua.

"Sema ulichokiona, basi," bibi alimnong'oneza Brynn, aliyekuja kulitetea ombi hilo.

Aliyetangulia kusema alionyesha picha za daraja bovu la kusini, akitaka ndilo liombewe, akapigiwa makofi. Brynn akaingiwa na hofu. Aliona alichonacho ni kidogo mno. Alipofika kwenye kipaza sauti, akatia chumvi.

"Babu alipoanguka tulipiga simu," alisema. "Tukangoja. Hakuna aliyekuja. Akafa sakafuni."

Watu wakaguna kwa huruma. Kisha nyuma ya ukumbi akasimama mtu mrefu mwenye kofia ya kampuni ya mbegu. Alikuwa Duane Zelenka, dereva wa gari la wagonjwa la upande wa kaskazini.

"Nilikuja," alisema. "Bibi yako huyo hapo, muulize." Akaja mbele, akaiweka mezani redio ya kuitiwa kwa wagonjwa, akatoka.

Bwana Dostal hakumwonea mtoto huruma. "Mmesikia? Gari lenyewe linatetewa kwa uongo! Ombi la tano liondoke, daraja liingie, mpaka siku ya kura. Keti, binti. Umetuchosha."

Kesho yake shuleni wenzake walimngoja mlangoni. "Brynn, babu yako bado yuko sakafuni?" "Mpigieni simu, labda atapokea mwenyewe!" Walicheka mpaka kengele ikalia. Na redio ya Zelenka ikawa imelala kwenye droo ya kaunti, watu wa kaskazini wakiomba Mungu wasiugue.

Bibi alimpikia, akamfulia, lakini hakumsemesha. Jumamosi akampeleka kwa Zelenka, akabaki garini.

Zelenka alikuwa akikamua ng'ombe. Hakugeuka.

"Bwana Zelenka, nisamehe."

"Ulikuwa na bibi yako katika gari la nyuma yangu siku ile. Uliona nini?"

"Nilikuona ukisimama."

"Kwa nini nilisimama?"

Brynn akaanza kulia. "Ulikuwa peke yako. Ulikimbia nyuma kumkandamiza babu kifua. Halafu ukarudi kuendesha. Halafu ukasimama tena, kando ya mahindi."

"Nikiendesha, moyo wake haukandamizwi. Nikiukandamiza, hospitali haisogei. Hilo ndilo linaloninyima usingizi," alisema Zelenka. "Na wewe ukawaambia majirani zangu nilikaa nyumbani. Kwa nini?"

"Niliogopa ukweli hautatosha."

"Hautatosha!" Akacheka kicheko kikavu. "Nenda. Msamaha wangu usiungoje hapa."

Siku ya kura Brynn alisimama tena. Akakishika kipaza sauti.

"Leo nani kafa?" akauliza Bwana Dostal, na ukumbi ukacheka.

Brynn akangoja kicheko kiishe. "Nilidanganya," alisema. "Bwana Zelenka alikuja." Akaeleza gari lilivyosimama, likaondoka, likasimama tena, na mtu mmoja akifanya kazi ya wawili. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyecheka pia.

"Zelenka," aliita Bwana Dostal kwa sauti ya chini, akitazama nyuma ya ukumbi, "ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo."

Makamishna wakapiga kura. Gari la wagonjwa likarudi kuwa ombi la tano, na daraja likasubiri mwaka mwingine. Zelenka akaja mbele, akaitoa redio yake kwenye droo, akaivaa mkandani. Alimpita Brynn pasipo hata kumtazama.

Garini Brynn alilia. "Bibi, hajanisamehe."

"Asikusamehe leo, ni haki yake," alisema bibi, akiwasha gari. "Kusema kweli si kununua msamaha. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, na mwisho wa njia yako alikuwa amesimama mtu aliyehangaika na babu yako mpaka pumzi ya mwisho. Kifo cha babu kilikuwa kichungu cha kutosha. Wewe ndiye uliyetaka kukitia chumvi."

Mbele yao, taa za gari la Zelenka zilikuwa zimekwisha kukata kona kuelekea kaskazini. Kuna mtu alikuwa amepiga simu, naye alikuwa anakwenda, peke yake.