Kijito cha Nyuma ya Machinjio

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kiende na rafiki yake Nelius walishuka kijitoni kuchota maji ya shule, pua zao zimezibwa kwa kola za sweta. Juu ya kijito, nyuma ya soko la Kianjai, wachinjaji walimwaga damu, kwato na matumbo. Mvua ikinyesha, vyote viliteremka.

Asubuhi moja Kiende alipozamisha dumu, kipande cha utumbo kilimzonga mkononi, cheupe, chenye utelezi, funza wakitambaa juu yake. Alikirusha mbali, akatapika chai yote aliyokunywa nyumbani.

"Na haya ndiyo maji tunayopikiwa githeri," Nelius alisema.

Kiende alikuwa darasa la saba, tena kiongozi wa chama cha afya. Mwalimu Riungu alikuwa amemkabidhi mradi wa kutafuta mahali pa kuchimba shimo la taka za machinjio. Ili shimo lichimbwe, ilibidi watu wawili wakubali: Rashid, msemaji wa wachinjaji, na Mzee Kathuri, mwenye shamba lililopakana na soko.

Alhamisi hao wawili, wachinjaji na majirani waliitwa shuleni. Kiende alieleza uchafu wote, lakini wengine walipiga miayo, naye Mzee Kathuri alichokonoa meno. Dharau ile ikamchoma. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Juzi mtoto wa darasa la pili alilazwa kwa kipindupindu."

Miayo ikakoma. Rashid akauliza kwa upole, "Ni mtoto wa nani, binti yangu? Nikitoka hapa nimpelekee supu."

Kiende alifungua kinywa, jina lisije. Mzee Kathuri akachukua bakora yake. "Kumbe tumeitwa kudanganywa na watoto," akasema, na watu wakamfuata mlangoni.

Siku mbili chakula hakikumshuka. Alikuwa amezoea kuchukizwa na kijito. Sasa alijichukia mwenyewe, kana kwamba uvundo ule ulikuwa umeingia kinywani mwake.

"Ukweli ulikuwa unatosha," Mwalimu Riungu alimwambia. "Nenda ukaombe radhi. Na safari hii uliza kabla hujasema."

Rashid alimsikiliza huku akisugua gogo la kukatia nyama. "Nimekusamehe," alisema. "Hata sisi uvundo ule unatukera, lakini tukimwaga kwingine tunafukuzwa. Tupate mahali tu, tutachimba wenyewe."

Mzee Kathuri alimwacha amesimama juani mpaka alipomaliza kupalilia migomba yake. Kiende akamwomba radhi, kisha akamuuliza kwa nini hataki shimo.

"Shimo likiwa kwangu," alisema hatimaye, "nzi na mbwa watahamia kwangu. Hilo umelifikiria?"

"Hapana, Mzee. Na likiwa na kifuniko, mbali na nyumba, na mbolea yake iwe ya migomba yako?"

Mzee alikung'uta udongo jembeni. Kiende akamwomba jambo moja tu: afike kijitoni kesho asubuhi. Alimwomba Rashid vivyo hivyo.

Walifika wote wawili. Kiende hakuhutubu. Pembeni, msichana mdogo wa darasa la kwanza alichota maji kwa kopo, akatoa funza kwa vidole viwili kama mtu anayeondoa jani, akainua kopo anywe. Rashid alimrukia, akalimwaga. Mzee Kathuri alitema mate, akatema tena, akajifuta midomo kwa muda mrefu.

"Chimbeni kwenye shamba langu, mbali na nyumba na kijito," alisema. "Leo hii."

Wachinjaji walichimba siku nne, wakafunika shimo kwa mbao nene. Majuma mawili baadaye, maji ya kijito yalianza kuonyesha mchanga wa chini.

Kiende alidhani Mwalimu atamsifu. Mwalimu alimwambia tu, "Ukimdanganya mtu ili akubali jambo jema, kesho hatakuamini hata ukisema kweli. Ukitaka akubali, jua kwanza anachokiogopa, kisha mwonyeshe ukweli kama ulivyo. Mzee Kathuri hukumshinda, Kiende. Ulimsikiliza."