Mlango wa Jikoni kwa Mama

Maiti iligunduliwa na kondoo. Walijibanza kwenye ukingo wa mtaro kukwepa upepo, wakakwangua udongo kwa kwato hadi fuvu likachungulia.

Inspekta Gwenllian Probert alipanda nyika ile ya Wales ya kusini huku magoti yakimlalamikia. Daktari wa polisi alikuwa ameshasema la kwake: mwanamume, kichwa kimepasuliwa na kitu bapa, miaka zaidi ya ishirini ardhini. Kwenye taya palikuwa na jino la dhahabu. Bonde zima lililijua: la Brychan, aliyewauzia wachimba makaa ya mawe shamba la wazazi mwaka themanini na nne, akatimkia Kanada.

Kabla ya adhuhuri shemeji wa Brychan, Mostyn, mzee wa miaka themanini, alijileta kituoni amevaa suti ya mazishini.

"Nilimuua mimi, mwanangu. Wiki ileile aliyouza. Nikamzika nyuma ya nyumba ya shamba hilo."

"Kwa nini?"

"Aliuza nyumbani kwao mke wangu bila kumuuliza."

Probert akasugua macho. Alitamani aandike hivyo hivyo, akalale.

"Mzee, baada ya kuuzwa pale palichimbwa shimo la makaa, kina chake mita sitini. Baba yangu aliendesha lori humo. Shimo lilimeza nyumba, kisima na zizi. Brychan alibaki anaelea akisubiri walifukie?"

Probert akageuza ukurasa wa ripoti.

"Halafu kaburi limekata bomba la plastiki la kutoa maji ardhini. Hilo lililazwa udongo uliporudishwa shimoni, mwaka tisini na tano."

"Basi andika tisini na sita."

"Mzee, huu si mnada."

Mlango ukafunguka. Aliingia Heulwen, mkewe Mostyn, na chupa ya chai kwapani.

"Mwache, Gwen. Huyu hawezi kuzika hata paka. Alinioshea sepetu tu, wala hakuuliza."

Akaketi, akaeleza bila kuhimizwa. Kaka yake, Brychan, alirudi kimyakimya mwaka tisini na saba. Nyika ilikuwa imeshapandwa upya, nyasi zote kimo kimoja, bwawa duara kama sahani. Wakapanda huko juu wawili, wamebeba mche wa mti wa kumkumbuka mama yao.

"Nikamwambia, wewe ndiye uliyeuza, nionyeshe basi mlango wa jikoni kwa mama ulikuwa wapi. Akazunguka, akazunguka. Halafu akacheka. 'Panda popote, Heulwen. Kote sawa tu.' Sepetu la kuchimbia nilikuwa nalo mimi."

Probert akaacha kuandika. "Na mche?"

"Ulikauka. Chini ni mawe matupu." Akammiminia mumewe chai. "Lakini tangu siku ile palikuwa na mahali pamoja kule juu ninapopajua. Na leo mmepafukua."