Kreti Kumi na Mbili za Soda

Kila asubuhi kabla ya shule, katika kijiji chao cha theluji kule kaskazini, Siasi hukata vipande vya nyama iliyoganda na kuvila kwa chai ya moto. Jumatatu hiyo ilikuwa nyama ya kulungu aliyewindwa na mjomba wake Jobie. Alishangaa kumwona mama yake, Maata, bado amejifunika blanketi. Maata ndiye mpishi wa uji wa wanafunzi, na alfajiri pikipiki yake ya theluji huamsha mtaa mzima.

"Mama, leo huendi kupika?"

"Siendi. Wamtafute mwingine. Siasi, nenda shule."

Siasi aliacha kutafuna. Alipewa jina la bibi yake aliyefariki, mama mzazi wa Maata, na tangu azaliwe Maata humwita "mama", huku akimtania kwamba ndiye aliyemzaa. Kuitwa Siasi, tena kikavu namna hiyo, kulimwumiza. Alitoka bila kujua amekosa nini.

Shuleni, binamu yake Lukasi alimwonyesha simu. Lilikuwa gazeti la mji mkubwa wa kusini. Pichani Maata alikuwa mlangoni mwa duka la kijiji, anapakia kreti za soda. Juu yake paliandikwa kwa herufi nene: KRETI 12 ZA SODA, NYAMA SIFURI: HIVI NDIVYO MAMA WA KASKAZINI ANAVYOLISHA WANAWE.

"Umetutangaza, dada," Lukasi alisema. "Hata jino langu bovu sasa watasema ni kazi ya shangazi."

Siasi hakucheka. Alimkumbuka yule mwandishi aliyewakuta dukani siku ya soda, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa theluji. Kijana alimwuliza, "Wiki hii mmenunua nyama gani?" Siasi akamjibu, "Hatujanunua." "Na samaki?" "Hatununui." Kijana aliandika, akashukuru, akampa kalamu ya bluu.

Alisoma tena, kichwa kikazidi kumzunguka. Kreti zilikuwa kumi na mbili kweli, yeye mwenyewe alisaidia kuzibeba. Nyama hawakununua, hilo nalo kweli. Kama hakuna aliyedanganya, mbona mama yake amelala na aibu, na uji wa watoto haukupikwa?

Mwalimu Annie alimkuta amesimama kwenye korido, ameishika ile kalamu.

"Mwalimu, nimesema kweli ikatoka uongo. Sielewi."

"Leo umekula nini?"

"Kulungu."

"Mlimnunua kwa bei gani?"

Siasi alitaka kucheka. Nani ananunua kulungu? Jobie akirudi na mawindo hupiga simu redio ya kijiji, na yeyote asiye na nyama huja na mfuko wake.

"Mwandishi alilijua hilo?"

"Hakuniuliza."

"Na soda zilikuwa za nani?"

"Za wageni wa mashindano ya hoki. Mama alitumwa na kamati." Siasi akaigeuza kalamu mkononi. "Hilo pia hakuuliza."

"Basi alitazama dukani akadhani ameona maisha yetu," Mwalimu Annie alisema. "Dukani tunafuata tusivyoweza kuwinda wala kuvua. Tunachokithamini kuliko vyote tunapeana, hakina bei, kwa hiyo hakikuingia kwenye picha yake."

Siasi alielewa nusu tu, lakini nusu hiyo ilitosha kumwinua. Saa ya chakula alikimbia hadi kwenye chumba kidogo cha redio ya kijiji. Akaomba kipaza sauti.

"Mimi ni Siasi wa Maata. Aliyemjibu mwandishi ni mimi, na nilimjibu nusu. Soda zilikuwa za wageni wa hoki. Nyumbani tuna kulungu na samaki, na mama yangu anawapikia watoto wenu kila siku. Mliokula wiki hii chakula ambacho hamkununua, leteni majina shuleni. Tunamwandikia."

Hadi jioni majina yalikuwa sitini na moja, na barua ikatumwa gazetini. Siku tatu baadaye gazeti lilisahihisha kwa mistari minne, herufi ndogo, chini ya tangazo la matairi. Siasi hakuelewa kwa nini kosa lipewe nafasi kubwa kuliko sahihisho, na mpaka leo hajaelewa.

Lakini Jumatatu ile ile, aliporudi nyumbani, redio ilikuwa bado inasema na Maata ameketi kando yake, macho mekundu.

"Nimekusikia," alisema. "Ulijibu ulichoulizwa, huna kosa. Ila ukiona mtu anaondoka na nusu ya habari, mkimbilie umpe iliyobaki. Na ukisoma maandishi makubwa, jiulize kwanza mwandishi hakuuliza nini."

Asubuhi iliyofuata pikipiki iliunguruma nje, mtaa mzima ukaamka. Maata alifungua mlango, baridi ikaingia ndani.

"Mama," aliita, "amka unisaidie kubeba sufuria. Watoto wanasubiri uji."